MAABARA YA NYUMBANI: HISTORIA YA KUJIFUNZA MITANDAO YA KOMPYUTA KWA VITENDO NCHINI TANZANIA, KWA MTAZAMO WA RUBYA, MULEBA

IKISIRI

Insha hii inachunguza historia ya maabara ya nyumbani kama njia ya kujiandaa kwa mitihani ya vyeti vya kimataifa vya mitandao ya kompyuta. Uchunguzi unaanzia katika marufuku ya kuingiza kompyuta ya mwaka 1974, unapitia ujio wa intaneti na Mkongo wa Taifa wa Mawasiliano, na kuishia katika mazingira ya Rubya, Wilaya ya Muleba, Mkoa wa Kagera. Hoja kuu ni kwamba maabara ya nyumbani haikuzaliwa kutokana na wingi wa vifaa bali kutokana na uhaba wake. Hata hivyo, kila hatua iliyopunguza gharama ya maabara hiyo ilimwondoa mwanafunzi hatua moja kutoka katika mtandao halisi atakaokabidhiwa kuutunza. Insha inahitimisha kwamba Rubya, kwa historia yake ya elimu ya pamoja, inatoa somo linaloweza kuziba pengo hilo.

1.0 UTANGULIZI

Neno maabara katika masikio ya Mtanzania wa kizazi hiki lina historia yake. Kwa miaka kadhaa, wanafunzi wa sekondari waliosoma katika shule zisizo na maabara walitahiniwa masomo ya sayansi kwa karatasi iliyochukua nafasi ya mtihani wa vitendo. Mwanafunzi alieleza rangi ya mmenyuko ambao macho yake hayajauona. Ongezeko la shule za kata kuanzia mwaka 2004, chini ya Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Sekondari, lilikuza tatizo hilo. Mwaka 2012 Rais Jakaya Kikwete aliagiza kila shule ya sekondari ya kata iwe na maabara tatu, yaani za fizikia, kemia na baiolojia. Wananchi walichangishwa, kuta zikapanda, na muda wa kukamilisha ujenzi ukasogezwa mbele hadi mwaka 2015. Hivyo basi, swali la nani ana haki ya kushika kifaa kabla ya kutahiniwa si geni nchini. Ni swali la kitaifa.

Swali hilohilo limejitokeza upya, kwa kimya zaidi, miongoni mwa vijana wanaosomea utaalamu wa mitandao ya kompyuta. Katika insha hii, istilahi maabara ya nyumbani inatumika kumaanisha mkusanyiko wa ruta, swichi, kebo na kompyuta, au wa programu zinazoigiza vifaa hivyo, ambao mwanafunzi anauunda mahali anapoishi ili ajizoeze kusanidi, kuharibu na kurekebisha mtandao bila kuhatarisha mtandao wa mtu mwingine. Historia ya maabara za shule imeandikwa katika hotuba, bajeti na kumbukumbu za vijiji. Historia ya maabara iliyo juu ya meza ya chumba cha kulala haina mwandishi. Pengo hilo ndilo lililochochea insha hii.

Rubya imechaguliwa kwa sababu mbili. Kwanza, ni mahali pa pembezoni ukilinganisha na Dar es Salaam, ambako taasisi nyingi za mafunzo ya mitandao zilianzia. Pili, ni mahali penye historia ndefu ya kupokea mtaala kutoka mbali na kuufanya wake.

2.0 RUBYA NA DESTURI YA MTAALA UTOKAO MBALI

Rubya ipo katika Wilaya ya Muleba, ndani ya eneo la Ihangiro, mojawapo ya falme za kale za Wahaya. Wamisionari wa Afrika, waliozoeleka kwa jina la Mapadri Weupe, walifungua misheni ya Kashozi, kaskazini mwa Bukoba, mwaka 1892. Seminari ndogo ya Rubya ilianzishwa mwanzoni mwa karne ya 20. Miongoni mwa waliopita hapo ni Laurean Rugambwa, aliyezaliwa mwaka 1912, akaendelea na masomo katika seminari kuu ya Katigondo nchini Uganda, akapewa upadri mwaka 1943, na mwaka 1960 akawa kardinali wa kwanza Mwafrika katika nyakati za sasa.

Kwa mtazamo wa insha hii, jambo la kuzingatia ni namna elimu hiyo ilivyotolewa. Mtaala wake ulitungwa Ulaya, ukafundishwa kwa lugha isiyokuwa ya nyumbani kwa mwanafunzi yeyote, na kipimo cha kufaulu kiliwekwa na watu ambao hawakuwahi kuiona migomba ya Ihangiro. Hata hivyo, wanafunzi waliumudu. Waliumudu kwa sababu walikaa pamoja, walikuwa na mwalimu aliyeonekana, walikuwa na vitabu vya kushirikiana, na walirudia zoezi lilelile hadi likawa tabia.

Mkoa wa Kagera una mfano mwingine wa maarifa ya vitendo, wa kale kuliko huo. Katika muongo wa 1970, mwanaakiolojia Peter Schmidt alishirikiana na wazee wa Kihaya kujenga upya tanuri za kuyeyushia chuma, kazi ambayo ilikuwa imekoma kwa miaka mingi. Matokeo yake, yaliyochapishwa pamoja na Donald Avery mwaka 1978, yaliuonyesha ulimwengu wa kisayansi kwamba uhunzi wa eneo hili ulikuwa na umri wa takriban miaka 2000 na ulitumia mbinu za hali ya juu. Wazee hao walikumbuka maneno ya kazi, lakini maneno peke yake hayakutosha. Iliwabidi wajaribu, warekebishe na wajaribu tena ndipo mikono ikumbuke kile ambacho ulimi ulikuwa tayari unakitaja. Tofauti ya kujua kwa ulimi na kujua kwa mkono ndiyo msingi wa kila maabara, iwe ya chuma au ya mtandao.

3.0 KUTOKA MARUFUKU HADI MKONGO WA TAIFA

Kompyuta ya kwanza ya serikali ya Tanzania ilifungwa katika Wizara ya Fedha mwaka 1965. Jitihada za kuhamishia hesabu za serikali katika mashine hazikuzaa matunda yaliyotarajiwa, na mwaka 1974 serikali ilipiga marufuku uingizaji wa kompyuta na vifaa vyake bila kibali maalumu. Marufuku hiyo ilieleweka katika muktadha wa wakati wake: fedha za kigeni zilikuwa haba, na Azimio la Arusha la mwaka 1967 lilikuwa limeweka kujitegemea mbele ya vifaa vya gharama. Hata hivyo, athari yake katika elimu ilikuwa kubwa. Kizazi kizima kilikua bila fursa ya kuigusa mashine, wakati ambapo vijana wa Marekani na Ulaya walikuwa wakizifungua na kuziunganisha kompyuta ndogo katika vyumba vyao. Utamaduni wa kuchezea kifaa nyumbani, ambao ndio mzazi wa maabara ya nyumbani, haukupata mahali pa kuota.

Vikwazo vililegezwa hatua kwa hatua. Kikoa cha .tz kilikabidhiwa mwaka 1995, na mwaka uliofuata kampuni ya CyberTwiga ilianza kuuza huduma ya intaneti jijini Dar es Salaam. Mwaka 2003 Tanzania ilipata Sera ya kwanza ya Taifa ya Teknolojia ya Habari na Mawasiliano, na mwaka huohuo sheria ikaunda Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania. Mwaka 2004 watoa huduma za intaneti walianzisha kituo cha kubadilishana mawasiliano jijini Dar es Salaam, ili ujumbe unaotoka Kariakoo kwenda Masaki usilazimike kuzunguka nje ya nchi kwa setilaiti. Mwaka 2009 kebo ya SEACOM ilifika katika pwani ya Dar es Salaam, ikifuatiwa na EASSy mwaka 2010. Sambamba na hayo, Mkongo wa Taifa wa Mawasiliano ulitandazwa kuelekea mikoani na mipakani, ukiwemo mpaka wa Mutukula kati ya Kagera na Uganda.

Kila hatua kati ya hizi ilihitaji watu wanaojua kusanidi ruta. Mahitaji ya wataalamu yalitangulia wataalamu wenyewe. Njia mbili za kuziba pengo hilo zilijitokeza. Ya kwanza ni akademia za mitandao za kampuni ya Cisco, zilizoanza Marekani mwaka 1997 na kuenezwa katika nchi zenye maendeleo duni kuanzia mwaka 2000. Ya pili ni warsha za Kundi la Waendeshaji Mitandao Afrika, AfNOG, zilizoanza mwaka 2000 na kufanyika Dar es Salaam mwaka 2011. Katika warsha hizo, wakufunzi walijenga maabara ndani ya ukumbi, wakaitumia kwa siku chache, kisha wakaifungua na kuondoka. Njia zote mbili zilikuwa na manufaa makubwa, lakini zilimtaka mwanafunzi awe mahali ambapo maabara ipo. Aliyebaki Rubya alibaki na kitabu.

4.0 MAABARA INAVYOPUNGUA UZITO: 1993 HADI 2020

Asili ya maabara ya nyumbani katika taaluma hii inahusiana na mtihani wa CCIE, ulioanzishwa na Cisco mwaka 1993. Mtihani huo ulikuwa na sehemu ya vitendo iliyomkabili mtahiniwa na vifaa halisi, na wasiojiandaa kwa mikono walishindwa. Mwaka 1998 ulianzishwa mtihani wa ngazi ya chini, CCNA, uliofungua mlango kwa maelfu ya watahiniwa wapya. Kuporomoka kwa kampuni nyingi za intaneti nchini Marekani mwaka 2000 na 2001 kulijaza soko vifaa vilivyotumika. Ruta za kundi la 2500, ambazo zilikuwa zimeunganisha ofisi za mabenki, sasa ziliweza kununuliwa na mwanafunzi. Maabara ya kawaida ya wakati huo ilikuwa na ruta mbili au tatu, swichi moja au mbili, na kebo mbili za kuunganisha milango ya nje mgongo kwa mgongo, upande mmoja ukipangiwa kazi ya kutoa saa ya mapigo ili ule mwingine uufuate.

Kwa Mwafrika Mashariki, maabara ya aina hiyo ilikuwa na vikwazo vitatu: bei, usafiri na umeme. Ruta ya mitumba iliyouzwa kwa bei ndogo Chicago iliongezeka gharama kila ilipovuka bahari, bandari na forodha. Kwa hiyo, mapinduzi ya kweli hayakuletwa na kushuka kwa bei ya chuma bali na kutoweka kwa chuma chenyewe. Mwaka 2005 Mfaransa Christophe Fillot alitoa programu ya Dynamips, iliyoiwezesha kompyuta ya kawaida kujifanya ruta na kuendesha mfumo uleule wa uendeshaji uliotumika katika ruta halisi. Baadaye Jeremy Grossmann aliijengea sura ya michoro na kuiita GNS3. Programu hizo zilikuwa za bure, ingawa mfumo wa ruta uliotakiwa kuendeshwa ndani yake ulilindwa na leseni, jambo lililowaacha wanafunzi wengi katika utata wa kisheria. Isitoshe, ruta pepe moja iliweza kuimeza nguvu yote ya kichakato hadi mtumiaji alipojifunza kutafuta thamani ya kuipumzisha.

Cisco yenyewe ilikuwa na Packet Tracer, programu ya kuigiza mtandao iliyotengenezwa kwa ajili ya akademia zake. Programu hii haiendeshi mfumo halisi wa ruta; inaigiza tabia zake tu. Lakini ni nyepesi, inafanya kazi katika kompyuta dhaifu, na haimlazimu mwanafunzi kuwa na intaneti muda wote baada ya kuipakua na kuingia. Mtihani mpya wa CCNA, wenye namba 200-301, ulipoanza Februari 2020, mwanafunzi aliyekuwa na kompyuta moja ya mitumba aliweza kufanya mazoezi ya sehemu kubwa ya mtaala wake bila kununua ruta hata moja. Aliweza kugawa anwani za IP, kutenganisha mitandao pepe ndani ya swichi, kuzuia kitanzi kati ya swichi, na kuziwezesha ruta kupashana habari za njia kwa itifaki ya OSPF.

Kwa ufupi, katika takriban miaka 27 maabara ilipungua uzito kutoka kabati la chuma hadi faili moja. Ni maendeleo yasiyopaswa kubezwa. Bila hayo, suala la Rubya lisingekuwepo kabisa katika mjadala huu.

5.0 MAABARA KATIKA MAZINGIRA YA RUBYA

Tuchukue mfano wa kufikirika wa kijana wa Rubya aliyemaliza kidato cha sita, anayeishi kwa wazazi wake katika nyumba iliyozungukwa na kibanja cha migomba na mibuni. Ana kompyuta mpakato ya mitumba, simu, na Packet Tracer. Anaujenga mtandao wa ofisi tatu, unafanya kazi, anauvunja, anaurekebisha. Katika kioo, kebo haiungui, umeme haukatiki, na ruta huwaka kila inapoamriwa.

Nje ya kioo mambo ni tofauti. Kwa miaka mingi Mkoa wa Kagera ulipata umeme wake kutoka Uganda kupitia kituo cha Kyaka, ukiwa nje ya gridi ya taifa, na kukatika kwa umeme ni sehemu ya maisha. Mwambao wa magharibi wa Ziwa Viktoria una mvua nyingi na radi. Tarehe 10 Septemba 2016 tetemeko la ardhi lenye ukubwa wa 5.9 liliutikisa mkoa na kubomoa nyumba na majengo ya umma. Mtandao wa hospitali, shule au chama cha ushirika katika mazingira haya hauharibiki kwa sababu ambazo mtihani unazipenda. Unaharibika kwa sababu radi imepita katika kebo iliyovutwa kutoka jengo moja hadi jingine bila waya wa kushusha umeme ardhini. Kwa sababu kiunganishi kilibanwa vibaya na nyaya mbili za ndani zimebadilishana nafasi. Kwa sababu swichi imewekwa mahali ambapo vumbi au unyevu huingia. Kwa sababu betri ya akiba imezeeka bila yeyote kuipima.

Hapa ndipo hoja ya insha hii inapokaza. Maabara iliyo ndani ya programu ilimwondolea kijana wa Rubya kikwazo cha gharama, lakini pamoja na kikwazo hicho ilimwondolea pia masomo ambayo mahali pake palikuwa tayari kumfundisha. Maabara ya zamani ya chuma, kwa usumbufu wake wote, ilimlazimisha mwanafunzi kusikia feni ikikwama, kunusa kifaa kilichoungua na kushika koleo la kubania viunganishi. Mtaala uliotungwa California unachukulia kwamba umeme upo. Mtunza mtandao wa Muleba hawezi kuchukulia hivyo.

Inaweza kudaiwa kwamba tofauti hii haina uzito, kwa kuwa aliyeelewa kanuni atajifunza mengine kazini. Dai hili lina ukweli nusu. Ni kweli kwamba kanuni za itifaki hazibadiliki kwa mahali. Lakini kujifunza kazini katika hospitali ya wilaya maana yake ni kujifunza kwa mtandao ambao kumbukumbu za wagonjwa zinaupitia. Maabara ipo ili makosa ya kwanza yasifanyike hapo.

6.0 CHETI NA UJUZI

Ada ya mtihani wa CCNA ni takriban dola 300 za Marekani, na cheti hudumu kwa miaka mitatu kabla ya kuhitaji kuhuishwa. Katika Kagera, fedha ya kahawa ndiyo iliyolipia karo za vizazi kadhaa, na familia ilijua kwamba karo hununua muhula mzima wa mwalimu, kitabu na kitanda. Ada hii hununua saa chache mbele ya kompyuta. Akishindwa, mtahiniwa hulipa upya. Kwa sababu hiyo, shinikizo la kujizoeza kwa ajili ya mtihani tu, na kuacha yote ambayo mtihani hauyaulizi, ni kubwa na linaeleweka. Kumlaumu kijana kwa kufuata njia fupi ni kumlaumu msafiri kwa kukwepa mto usio na daraja.

Hata hivyo, historia iliyopitiwa katika sehemu zilizotangulia inaonyesha hatari ya cheti kutangulia ujuzi. Mwanafunzi aliyefanya mtihani wa karatasi badala ya vitendo alipata alama, lakini nchi ilikuja kutambua kwamba alama hizo zilihitaji maabara nyuma yake. Itakuwa kinaya ikiwa taifa lililochangishana saruji na mabati ili mtoto aishike chupa ya kemia litaridhika na mtaalamu wa mitandao ambaye hajawahi kubana kebo.

Suluhisho haliko katika kurudi kwenye ruta za mwaka 1993. Liko katika kuchanganya. Maabara inayolingana na mazingira ya Rubya inaweza kuwa na programu ya kuigiza kwa ajili ya itifaki, na kando yake swichi moja ya mitumba, ruta ndogo moja, kebo za kutosha kukatwa na kubanwa tena, kifaa cha kupima kebo, na betri. Kwa mwanafunzi mmoja, orodha hiyo bado ni ghali. Kwa wanafunzi kumi, si ghali. Hapo ndipo somo la seminari linaporejea: mtaala wa mbali uliweza kumeng'enywa Rubya kwa sababu haukusomwa na mtu mmoja peke yake chumbani. Udhaifu mkubwa wa maabara ya nyumbani si uchache wa vifaa vyake bali upweke wake. Mwanafunzi mpweke hana wa kumharibia mtandao kwa siri ili autafute ubovu. Na kutafuta ubovu ambao mwingine ameusababisha ndiyo kazi yenyewe ya fundi wa mitandao.

7.0 HITIMISHO

Insha hii imeonyesha kwamba historia ya maabara ya nyumbani nchini Tanzania ni historia ya vibadala. Marufuku ya 1974 ilikinyima kizazi kimoja mashine. Soko la mitumba lilimpa mwanafunzi wa nchi tajiri chuma cha bei nafuu huku likimwacha wa Rubya ng'ambo ya forodha. Programu za kuigiza zilimfikia hatimaye, lakini zikiwa zimekwisha kuchujwa radi, vumbi na giza. Kila kibadala kilifungua mlango na kufunga dirisha.

Imebainika pia kwamba kipimo cha maabara si ukubwa wake bali kufanana kwake na mahali ambapo ujuzi utatumika. Wazee waliojenga upya tanuri katika muongo wa 1970 hawakukosa maneno. Walihitaji moto, udongo wa kwao na watu wa kusaidiana nao. Insha inapendekeza kwamba tafiti zijazo zikusanye masimulizi ya mafundi wa mitandao wa Kagera wenyewe, hususan kuhusu hitilafu ya kwanza waliyokutana nayo kazini ambayo hakuna mtihani uliowahi kuwauliza. Masimulizi hayo, yakiwekwa pamoja, yatakuwa mtaala wa pili, nao utakuwa umeandikwa hapahapa.